Daftari la Kilio na Bima ya Unguja

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya Tanzania hulipa dola 44 za bima ya lazima. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayetaka kuzamia kwenye matumbawe ya Unguja hana hiari. Je, muumini anayejikatia bima amepungukiwa tawakali, yaani kumtegemea Mungu?

Si swali la mzaha. Mwaka 1985 mafakihi waliokutana Jeddah waliikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana jambo lisilojulikana. Ile ya kusaidiana wakaikubali.

Katika komini ya Kenya, Lubumbashi, kusaidiana hakujawahi kungoja fatwa. Kwenye kilio daftari huwekwa mezani, kila mchango ukaandikwa kando ya jina, noti zilizokunjwa zikahesabiwa mara mbili. Kesho zamu ya mwingine. Nani atasema daftari lile linamshuku Mungu?

Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari; hakuna aliyewaita manahodha makafiri. Penye ugumu ni kwenye karatasi ya bima yenyewe: bima nyingi za safari haziwafidii wanaozamia kwa mitungi, na sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Mafakihi wa Jeddah wangeitambua gharari hiyo mara moja.