Muhunzi na Fundi wa Programu

Wakubwa wetu walijua muhunzi wa kila jembe. Likivunjika, mulimaji analirudisha kwake, naye anajibu mbele ya watu. Sasa tujiulize: fundi wa programu ya kompyuta, yeye anajibia nani? Kati ya 1985 na 1987, katika Marekani na Kanada, mashini ya kutibu kanseri, Therac-25, iliwapiga wagonjwa 6 mionzi kupita kipimo, wengine walikufa. Makosa ya programu yalikuwa moja ya sababu, lakini wagonjwa hawakumujua aliyeiandika. Watasema: programu inapita katika mikono mingi. Ni kweli. Lakini wingi wa mikono haufuti deni. Chombo njo kipya. Deni la fundi ni lile lile. Mutengenezaji ajulikane, mulango wake ubaki wazi.