Ya Kazi Gani?

Mafundi wa kompyuta pale Kariakoo wana swali lao moja la kuanzia, na mimi nilikwenda bila jibu lake. Mfukoni nilikuwa na sh. 600,000. Mkononi nilikuwa na orodha iliyofutwa na kuandikwa upya mara nne: kadi ya picha, RAM, diski, kioo. Kila kitu nilikijua kwa jina na kwa namba. Fundi akaipokea orodha, akaipitisha macho, akaiweka mezani.

"Hii mashine unaitaka ya kazi gani, mdogo wangu?"

Nikasema ya kuandikia.

Ndugu msomaji, makala hii ni juu ya jibu hilo. Wapo watakaosema ni jambo dogo, kijana kachonga kidogo mbele ya fundi, basi. Mimi nasema ndani yake limo swali ambalo limewasumbua watu wenye akili kuliko sisi: kitu kinachotosha ni kipi, na nani mwenye kukipima?

Kwanza nieleze mkwanja ulikotoka. Sh. 200,000 ni zangu, nilizipata kwa kuchapa na kusahihisha ripoti za wanafunzi wa chuo. Sh. 400,000 ni za bi mkubwa. Mama yangu anapika vitumbua Temeke, anaamka saa tisa za usiku. Yeye na wenzake wanachangiana kila wiki na kupokezana kwa zamu. Wenyewe wanauita mchezo. Zamu yake ilipofika akanikatia hizo laki nne, kwa sababu nilimwambia kompyuta yangu imezeeka na siwezi tena kuandika.

Kuzeeka imezeeka kweli. Ni Dell OptiPlex 7020 ya mtumba, prosesa Core i5-4590 ya mwaka 2014, RAM GB 8, diski ya kuzunguka, kioo cha inchi 19. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado inajiuliza. Lakini kuandika inaandika. Inachoshindwa ni Counter-Strike 2 na GTA V. Humo picha zinaruka kama mkanda wa video uliochakaa.

Kwa hiyo siku ile kwa mama sikusema uongo mtupu. Naandika. Hata haya nayaandika. Nilichofanya ni kuchukua ukweli mdogo nikafunikia ukweli mkubwa. Aina hii ya uongo ndiyo ngumu kuliko zote kuikamata, maana ukibanwa una pa kushika.

Fundi hakujua habari hizo. Aliamini neno langu, akanijibu kwa neno langu.

"Kama ni kuandika, orodha hii rudisha mfukoni. Weka SSD ya GB 240, elfu sitini. Ongeza RAM ya GB 8, elfu arobaini. Laki moja tu, na itawaka kabla hujakaa kitako. Hela nyingine kamnunulie mama yako kanga."

Sikutegemea mtu wa Kariakoo kunikatalia kutumia fedha. Lakini hesabu ikawa wazi hapo hapo. Kwa kazi niliyoitaja, sh. 100,000 zilitosha. Sh. 500,000 zilizobaki zilikuwa za kitu ambacho sikukitaja kwa mama wala kwa fundi. Uongo wangu ulikuwa na bei, na bei yake nilikuwa nimeibeba mfukoni.

"Na magemu kidogo, kaka," nikasema, huku natazama chini.

Akacheka. "Sasa tunaongea."

Hapo ndipo nilipojifunza mambo mawili ambayo orodha yangu haikuwa nayo. La kwanza ni kwamba mashine ya magemu haina kasi yake yenyewe, ina kasi ya kiungo kinachobana. Prosesa inapiga hesabu ya nani yuko wapi na risasi imekwenda wapi, kadi inachora, kioo kinaonyesha. Atakayechelewa ndiye anayeamua mwendo wa wote. Na kumjua anayechelewa si ramli. Fundi alikuwa na mashine ya aina ya kwangu, kaifunga kadi ya GTX 1650 na kioo kikubwa. Akafungua Counter-Strike, akashusha idadi ya nukta za picha. Fremu zikapanda: maana yake kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, tukaipunguzia mzigo. Akashusha tena. Safari hii fremu zikagoma palepale, hazikufika hata mia. "Hapa sasa prosesa ndiyo inabana," akasema. "Hata ukiifunga kadi ya milioni tatu, itakaa inaisubiri."

La pili ni kile kioo chenyewe. Kilikuwa cha inchi 27, nukta 2560 kwa 1440, Hz 165. Kioo changu cha nyumbani kina nukta 1440 kwa 900, yaani 1,296,000. Kile kina 3,686,400, karibu mara tatu, na kila nukta lazima ichorwe upya katika kila fremu. Changu kinabadilisha picha kila baada ya milisekunde kama 17. Kile, kila baada ya milisekunde 6. Nilikitamani, sina la kuficha. Lakini nikaona jinsi tamaa inavyojenga ngazi. Kioo kikubwa kinadai kadi kubwa. Kadi kubwa inadai pawa saplai kubwa, na ya kwangu ni ya W 290, tena ina plagi yake ya peke yake ambayo pawa saplai za kawaida haziingii bila kiunganishi. Ukishabadilisha hiyo, prosesa ya 2014 inaanza kukuaibisha, na prosesa mpya haikai kwenye bodi ya zamani. Mwisho wa ngazi umenunua kompyuta nyingine, na ulikuja kutafuta kioo.

Palikuwa na kadi nyingine, RX 580 ya GB 8, kwa bei nzuri ajabu. Nikaikamata. Fundi akasema bila kuulizwa, "Hiyo ilikuwa inachimba sarafu. Mchana na usiku." Kadi za namna hiyo zilizagaa duniani baada ya Ethereum kuacha mtindo wa kuchimba mwezi Septemba 2022. Kisha akaongeza kwamba inakula mpaka W 185, wakati GTX 1650 inakula W 75 na inazipata kwenye bodi yenyewe, bila waya wa ziada. Nikapiga hesabu: tofauti ya W 110, saa nne kwa siku, siku thelathini, ni zaidi ya uniti 13 za LUKU kila mwezi. LUKU nyumbani ananunua mama.

Angalia hapo. Mtu mwenye haja ya kuuza ameniambia kadi yake imetoka kwenye kazi gani. Mimi mwenye kununua nilikuwa sijasema yangu inakwenda kwenye kazi gani. Nikaaga, nikasema nitarudi.

Kwenye daladala nikaanza kujitetea. Hoja ya kwanza: kwani kucheza ni dhambi? Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, aliandika kitabu kizima mwaka 1938 akisema mchezo umeutangulia utamaduni, maana hata wanyama wanacheza na hawakungoja binadamu awafundishe. Wala hatuna haja ya kwenda Uholanzi. Mzee anapokaa barazani na bao lake, nani amewahi kumuuliza bao hilo ni la kazi gani? Mchezo hauhitaji cheti. Hoja hii naikubali mpaka leo. Ila haikunisaidia. Mzee wa bao anacheza kwa muda wake mwenyewe, na hakumwambia mtu kwamba anakwenda shamba.

Hoja ya pili niliipata kijiweni, kwa mshikaji mmoja: zawadi ikishatoka mkononi si ya mtoaji tena. Sawa. Lakini mama hakunipa mimi laki nne. Alikipa kitabu, mimi nilikuwa mchukuzi tu.

Ndipo likaja lile ambalo sikulitaka. Ikiwa kwa kuandika sh. 100,000 zinatosha, na kwa kucheza vizuri kwenye kioo changu kidogo sh. 350,000 zinatosha, kile kioo cha inchi 27 kilikuwa cha nini? Hakikuwa cha kuandikia, na kwa prosesa yangu hakikuwa hata cha kuchezea. Kilikuwa cha washikaji watakaoingia chumbani wakasema "duh!" Kazi hiyo haina kipimo, kwa sababu kesho yuko mwenye cha inchi 32.

Nionavyo mimi, hili ndilo jibu la swali la mwanzo. Kutosha hakupimwi kwa fedha wala kwa namba za kiwandani. Kunapimwa kwa kazi iliyotajwa kwa jina lake la kweli. Haja yenye jina la uongo haina kituo, kwa sababu hujui ulikuwa unakwenda wapi. Na sisi tunaojifunza kuandika tuko hatarini zaidi. Nyumbani wanaona kuandika kwenyewe ni mchezo, basi tumezoea kukiita "kazi" kila tunachokipenda, mpaka wenyewe tunasahau kipi ni kipi.

Usiku ule nilimkuta mama anaosha mchele wa vitumbua. Nikamwambia. Nilitegemea ukali, nao ningeuweza. Alinyamaza, akamwaga maji, akatia mengine.

"Mimi nimeshawaambia wenzangu kwenye mchezo mwanangu anaandika kitabu," akasema. "Sasa nikawaambie nini?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani uongo wangu uko mfukoni mwangu, kumbe ulishatoka, umekaa kwenye mkeka wa kina mama, umevaa sura ya fahari. Ukweli nilioutoa mimi ulikuwa unamdai yeye. Mtu anaweza kusema basi ningenyamaza. Nimelifikiria hilo. Lakini kunyamaza kungemwacha aendelee kutangaza jambo ambalo mimi peke yangu ningejua halipo, na sioni hapo heshima iko wapi.

Mama akaomba zile fedha, akazihesabu. Akachukua sh. 250,000, akaniachia sh. 150,000. "Hii ya kuandikia," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Nikarudi Kariakoo na sh. 350,000. SSD 60,000, RAM 40,000, GTX 1650 250,000. Fundi hakuuliza tena swali lake. Leo mashine inawaka kabla sijakaa kitako. Kioo ni kile kile cha inchi 19, na kwa nukta zake chache kadi hiyo inatosha, tena inabaki. GTA V inakwenda kama maji. Na naandika zaidi kuliko zamani, si kwa sababu ya SSD, ila kwa sababu kina mama wa mchezo wanaulizia kitabu.

Lakini msomaji makini ameshapiga hesabu. Vya kuandikia vilikuwa vya sh. 100,000. Mama aliniachia 150,000. Kadi ya magemu ilikuwa 250,000, na zangu zilikuwa 200,000. Elfu hamsini "ya kuandikia" imo ndani ya kadi ya picha, na mama hajui. Ripoti mbili tatu za wanafunzi zitaifidia, ila kurudisha kimya kimya si sawa na kusema, na nimejifunza hivyo kwa gharama.

Nitamwambia. Nimeliandika hapa ili nisipate pa kujificha. Na nyinyi wenzangu mnaoandika, kabla hamjanicheka, itazameni ile iliyoko mezani kwenu mkumbuke: mlisema ni ya kazi gani?