Nionyeshe Ni Wapi Imeandikwa

Andiko: Matendo 17:10–12



Nikiwa bado kijana kanisani, nilisimama siku moja nikahubiri kwa moto kwamba Biblia inasema Mungu humsaidia anayejisaidia. Makofi yakapigwa. Baada ya ibada mama mmoja akaniita kando, akanipa Biblia yake: "Mwanangu, nionyeshe ni wapi." Nilitafuta mpaka jasho likanitoka. Haimo.

Mimi nilisomea biashara. Huko mkaguzi wa hesabu hatosheki na maneno ya karani, anataka risiti. Mwaka 1516 msomi Erasmus alichapisha Agano Jipya kwa Kigiriki, lugha lilimoandikwa, ili watu wasitegemee tafsiri ya Kilatini peke yake. Yeye hakutoka Kanisa Katoliki. Lakini Martin Luther aliitumia kazi hiyo kutafsiri kwa Kijerumani, na 1522 watu wa kawaida wakaanza kujisomea. Anayejisomea huuliza maswali, kwa askofu na kwa mtawala.

Hata hapa Nyanza yalitokea. Maseno, shule ya misheni iliyoanzishwa 1906, ilifundisha vijana kusoma Neno. Desemba 1921, Jonathan Okwiri na wasomi wenzake walikusanya watu Lundha, kule Gem, wakalalamikia kodi na kipande. Wakaita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Biblia nzima ya Dholuo ilipotoka 1953, Mchungaji Matthew Ajuoga alisoma humo habari za hera, upendo, akaona wamisionari hawakuuishi. Miaka michache baadaye yeye na wenzake wakatoka Anglikana, wakaanzisha kanisa ambalo watu waliliita Johera, watu wa upendo.

Wapendwa, sisi tuna Biblia hadi kwenye simu. Lakini mwanasiasa akishika maiki madhabahuni aseme "Biblia inasema," tunaitikia Amina kabla hajamaliza! Hata mimi mnaniitikia hivyo, na kusema kweli inanitisha. Watu wa Beroya walimkagua Paulo mwenyewe, na Luka anawasifu kwa hilo.

Zoezi la wiki: chukua andiko la Jumapili, soma sura nzima. Ukikuta nimekosea, njoo uniambie. Yule mama alinijenga kuliko makofi yote.

Tuombe: Bwana, tupe kiu ya Neno lako, na moyo wa kukubali kusahihishwa. Amina.