Ahadi ya Mwenye Kutoa Uboho

Mwezi wa Oktoba 1958, huko Vinča, katika nchi ya Yugoslavia ya siku zile, mionzi ya atomiki iliwadhuru watu sita katika uboho wa mifupa, ndimo inamozaliwa damu. Walipelekwa Paris kwa daktari Georges Mathé. Wafaransa watano, mmoja wao mama wa watoto wanne, wakakubali kutobolewa mifupa ili watoe uboho wao kwa ajili ya wageni hao. Mgonjwa mmoja alikufa, wengine walipona.

Siku hizi mwenye kujitolea huandikisha jina lake, hungoja kuitwa. Mara nyingi chembe za uboho huchujwa katika damu ya mkono wake, na mwili wake huzizaa tena. Lakini fahamuni neno hili: kabla ya kupokea, mgonjwa huharibiwa uboho wake kwa dawa kali. Mtoaji akigeuka saa ile, amwacha ndugu yake mlangoni pa kifo.

Basi, anayetaka kutoa asilazimishwe. Afikiri kwanza, asali, ashauriane na watu wa nyumba yake. Akiisha kuahidi, asirudi nyuma. Msamaria mwema hakumtupa majeruhi katikati ya njia.