Wimbo wa Sabuni

Mwaka jana nilishuka Nyamisati, nikapanda mashua kwenda kuwaamkia watu wetu wachache wakaao kati ya mikono ya mto Rufiji. Huko mjane mmoja, mzee kuliko mama yangu mzazi, aliniuliza neno ambalo sikuwa tayari kulijibu. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha katika simu tangazo la sabuni lililotolewa zamani katika televisheni, nalo likamliza. Maana mwanawe, aliyekufa kwa homa wakati wa mvua kubwa za mwaka 1998, alikuwa akiuimba wimbo wa tangazo lile tangu asubuhi hata jioni.

Akasema, "Mchungaji, nyimbo za kanisa alizoziimba mwanangu zimenitoka kichwani zote. Huu wa sabuni ndio uliobaki. Je, ni dhambi?"

Nikamjibu upesi, kama mtu anayechelea maji kupwa, ya kuwa mambo ya biashara ni ya dunia, amwombe Mungu amkumbushe yaliyo bora. Akanyamaza. Mashua ikaondoka, nami sikupata raha hata nilipofika Kibiti.

Basi nimelitafakari swali lake tangu siku ile. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Bara hatukuwa na kituo chetu hata mwaka 1994, kwa kuwa Serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa kwa nchi maskini. ITV na wenzake walipoanza, matangazo ya biashara yakaingia pamoja nao, nasi tuliokuwa watoto tukayatazama kana kwamba ndiyo michezo yenyewe. Katika vijiji vyetu visivyo na umeme, mwenye televisheni aliiwasha kwa betri ya gari, antena akaifunga juu ya boriti ya mkoko. Jirani wote waliketi uani mwake juu ya mkeka mmoja, na tangazo lilipokuja waliliimba pamoja, Mwislamu na Mkristo, hata bibi vizee wasiokuwa na senti ya kununua kipande kimoja cha sabuni ile.

Sidhani kwamba yuko mtu aitamaniye sabuni yenyewe. Wengine husisimka kuona tangazo la Celtel, kampuni ya simu iliyoingia nchini mwaka 2001, ambayo jina lake liligeuka kuwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Kilichotangazwa hakiuzwi tena kwa jina lile, na tangazo lapendwa kuliko zamani.

Uchungu huu si mgeni. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea utabibu Basel katika nchi ya Uswisi, aliutungia jina kwa maneno mawili ya Kiyunani, yaani kurudi na maumivu. Aliuhesabu kuwa ni ugonjwa wa watu waliotengwa na kwao, na dawa yake ni kurudishwa nyumbani. Dawa hiyo yamfaa aliye mbali na nchi yake. Aliye mbali na mwaka 1998 atapanda mashua gani?

Wenye kuuza waujua udhaifu wetu huu. Mwaka 1971 Coca-Cola walikusanya vijana wa mataifa mengi juu ya kilima nchini Italia, wakaimba mbele ya kamera. Mwaka 1990 wakawarudisha baadhi yao pamoja na watoto wao, wakaimba tena. Hapo hata kumbukumbu ya watazamaji ikawa bidhaa ya kuuzia soda.

Tena moyo huchagua. Waisraeli jangwani waliyakumbuka matango na samaki wa Misri, wakayasahau matofali. Sisi nasi twaukumbuka mkeka ule wa uani, twawasahau watoto waliofukuzwa wakabaki kuchungulia penye makuti; twasahau na foleni za kivuko cha Ndundu kabla ya kufunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Kutamani kwa namna hii kuna uongo ndani yake, na hapo ndipo nilipodhani kuwa nimemjibu mama vema.

Lakini yeye hakusahau kitu. Wimbo wake una homa ndani yake, una mafuriko, una njia iliyozama wakashindwa kumfikisha mtoto kwa mganga. Mwenye kiwanda alilipa fedha wimbo uingie nyumbani mle. Mtoto akautwaa pasipo kulipa, ukawa wake. Mimi nilikitazama chombo, nikakidharau kwa unyonge wake, wala sikuuliza kina nini ndani. Tena naona haya kwamba nilimwambia aombe kumbukumbu nyingine, kana kwamba mtoto ana mbili.

Mwezi uliofuata nikarudi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba radhi, nikamsihi aniimbie. Alikataa mara mbili kwa kuona haya, kisha akaimba kwa sauti ndogo, akipiga goti lake kwa kiganja. Alipofika penye jina la sabuni hakulitaja. Alitaja jina la binti yake, maana ndivyo marehemu alivyozoea kuimba ili kumchokoza dada yake.

Binti, naye sasa mtu mzima, alikuwa uani akipepeta mchele. Akaitika, "Abee!"