VIFARANGA 500 AMBAO HAKUWAAGIZA
Somo: 2 Wafalme 4:1-7, Yeremia 29:4-10



Tunapozunguka nyumba kwa nyumba kwa maombi tunasikia neno moja: “Mchungaji, nijenge banda la nini? Sisi tunangoja orodha.” Wengine wanangoja kupelekwa nchi ya tatu, wengine wanangoja amani warudi nyumbani. Miaka inapita. Kuku wanalala mtini, kicheche anawala, kideri kinamaliza waliobaki, na mama anasema Mungu hakumbariki.

Leo tunawaletea habari za mama mmoja wa Marekani, Cecile Steele. Alikaa Ocean View, mji mdogo wa jimbo la Delaware karibu na bahari. Mume wake, Wilmer, alikuwa katika kikosi cha walinzi wa pwani. Kama mama zetu wengi, alifuga kuku wachache wa mayai ili kusaidia nyumba. Siku zile kule kuku alifugwa kwa ajili ya mayai. Nyama ilitoka kwa majogoo waliozidi na kuku waliochoka kutaga.

Mwaka 1923 aliagiza vifaranga 50. Wakaletwa 500! Tuwaze kidogo: vifaranga 500 mlangoni, wanalia, wanataka joto usiku huo huo. Angeweza kuwakataa. Alijenga banda dogo akawalea kwa ajili ya nyama. Walikufa 113. Hesabu hiyo tunaitaja kwa makusudi, maana shuhuda nyingi tunazosikia hupita haraka mahali pa hasara. Waliobaki 387 aliwauza wakiwa na uzito wa karibu kilo moja kila mmoja, kwa senti 62 za dola kwa kila ratili, na hiyo ilikuwa bei nzuri sana. Mwaka 1924 akaagiza 1,000, safari hii kwa kutaka mwenyewe. Kufikia 1926 alikuwa na nafasi ya kuku 10,000, na mume wake akaacha kazi yake wakafuga pamoja. Majirani wakaiga, na rasi ile ya Delmarva ikajulikana kwa kuku wa nyama. Walifariki wote wawili mwaka 1940 katika ajali ya boti. Banda lake moja la mwanzo limehifadhiwa. Ni kibanda cha mbao tu.

Sasa turudi kwenye Neno. Yule mjane alikuwa na chupa ya mafuta, na mwenye kumdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha alimtuma aazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache. Mafuta yalitoka mpaka vyombo vilipokwisha, ndipo yakakoma. Hayakukoma kwa sababu Mungu alichoka! Kisha akaambiwa auze, alipe deni, halafu aishi na watoto kwa kilichobaki. (Wenye mikopo ya kikundi wausome mstari wa 7 mara mbili.)

Nao waliohamishwa Babeli waliandikiwa na Yeremia wajenge nyumba na kupanda bustani kule kule ugenini. Barua hiyo hiyo iliwaahidi kurudi baada ya miaka 70. Kujenga hakukufuta kurudi. Miti ya banda haimtoi mtu kwenye orodha, na anayeitwa ghafla anaweza kumwachia jirani.

Hatusemi kila mmoja atafika kuku 10,000. Mama Steele alikuwa katika nchi yake, mume ana mshahara, soko lipo. Sisi mashamba yetu ni madogo na mgao hautoshi. Lakini wanaoletwa mlangoni pasipo kuagizwa, hao tunawafahamu: mtoto wa marehemu dada, mzee asiye na mtu, kuku wawili wa msaada. Nao wanataka joto usiku huo huo.

Kideri hakina dawa, ila kina chanjo: tone moja katika jicho, kila miezi mitatu, kabla kuku hajaugua. Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili. Akina mama wa kanisa watachanja Jumamosi asubuhi mapema, kabla kuku hawajafunguliwa. Wajane wasio na mtu wa kuwakatia miti wawaone mashemasi. Vijana wa kwaya wamekubali kujenga.