Mzee wa Miaka Thelathini

Tarehe 9 Desemba 1965, msimu wa besiboli umekwisha na viwanja vya Marekani vimelala kwenye baridi, klabu ya Cincinnati Reds ilimtoa Frank Robinson na kupokea watu watatu kutoka Baltimore Orioles: Milt Pappas, Jack Baldschun na Dick Simpson. Robinson alikuwa ametimiza miaka 30 mwezi Agosti. Hakuulizwa. Zama zile mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka hata mwaka, na klabu ikiamua kumbadilisha, yeye alibaki kufungasha mizigo. Kamba hiyo ilikatwa na msuluhishi miaka kumi baadaye, Desemba 1975.

Aliyeuza ni Bill DeWitt, mwenye klabu. Tusimwonee: haja yake ilikuwa ya kweli. Mwaka ule Reds walipata mikimbio, ndiyo mabao ya besiboli, 825, mingi kuliko klabu yoyote ya ligi kuu, na bado wakamaliza nafasi ya nne. Walijua kupiga, ila wapinzani nao waliwapiga. Besiboli haina saa ya kumaliza mchezo. Usipokuwa na mrushaji wa kuwatoa wapigaji wa upande wa pili, wataendelea kukufunga hadi jua lizame. Pappas alikuwa mrushaji, ana miaka 26, na msimu huo alikuwa ameshinda michezo 13. Kutoa mpigaji upate mrushaji ni biashara ya kawaida kabisa.

Kosa liko kwingine. Watu wa Cincinnati walipokasirika, DeWitt alijitetea mbele ya waandishi kwa kusema kwamba Robinson ni mtu wa miaka thelathini, lakini si thelathini changa. Yaani mwili wake umekwisha kuliko umri wake. Hilo lilisemwa juu ya mtu aliyekuwa ametoka kupiga homurani 33 msimu uleule, homurani ikiwa ule mpigo unaompa mchezaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani. Na mikimbio 113 ya Reds ilitokana na mipigo yake. Daftari la kazi lilikuwa mezani, limeandikwa kwa wino, na mwenye mali akalifunga akaanza kupiga ramli.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, hasa kama una watu chini yako. Ukiwa umeshaamua kumwacha mtu, sababu huja zenyewe. Goti lililomuuma mwaka juzi linakumbukwa. Siku aliyochoka inahesabiwa mara mbili. Robinson alikuwa mkali uwanjani, alisimama karibu mno na kituo cha kupigia, mipira ikimgonga mbavuni na mikononi, na huenda majeraha hayo ndiyo yaliyomtisha mwajiri. Lakini angalia: alicheza na majeraha hayo miaka kumi, akapiga homurani 324 kwa Cincinnati, akawa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1961. Makovu yaleyale yanaweza kusomwa kama dalili ya uchakavu au kama ushahidi wa uvumilivu. Ng'ombe hazeeki maini.

Baltimore walisoma vizuri. Na hawakukurupuka. Mwanzoni mwa Desemba walimpata Simpson kutoka California, siku chache baadaye wakampata Baldschun kutoka Philadelphia, kisha wakawaweka wote wawili juu ya Pappas na kumfuata Robinson. Kuna jambo la kusikitisha ndani yake pia: Orioles ni ileile klabu ya zamani ya St. Louis Browns iliyohamia Baltimore mwaka 1954, na kabla ya kuhama DeWitt alikuwa mmoja wa wenyewe. Alikuwa ameipa furaha nyumba aliyoihama.

Mwaka 1966 Robinson aliongoza Ligi ya Marekani kwa wastani wa kupiga, .316, kwa homurani, 49, na kwa mikimbio aliyoisababisha, 122. Kuyashika yote matatu kwa msimu mmoja ni jambo ambalo wapigaji wengi wakubwa hustaafu bila kulionja. Walipopiga kura ya mchezaji bora, kila kura ilimwendea yeye. Akawa mtu wa kwanza kupata tuzo hiyo katika ligi zote mbili, ile ya Cincinnati na hii ya Baltimore. Oktoba, Orioles waliwafunga Los Angeles Dodgers michezo minne kwa bila, na wa mwisho uliisha 1–0 kwa homurani yake. Reds waliporomoka hadi nafasi ya saba.

Aliyeumia bila hatia ni Pappas. Alishinda michezo 12 na kupoteza 11 msimu wake wa kwanza Cincinnati, na katikati ya 1968 naye akabadilishwa. Maishani mwake alishinda michezo 209, hesabu ya heshima, lakini hata leo wengi humkumbuka kama bei iliyolipwa. Neno la mkubwa mmoja kwa waandishi liliwaangukia wawili: mmoja likamchoma akaligeuza kuni, mwingine likamfuata kama deni alilokopewa na mtu asiyemjua. Baada ya kuitwa amekwisha, Robinson alipiga homurani nyingine 262.

Moja aliipiga tarehe 8 Mei 1966, mrushaji akiwa Luis Tiant wa Cleveland. Mpira ulivuka ukuta, ukavuka majukwaa ya upande wa kushoto, ukatoka nje kabisa ya Memorial Stadium, uwanja wa Orioles wa wakati huo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya pale. Watu wa Baltimore walisimamisha bendera mahali ulipotokea. Juu yake waliandika neno moja tu: HAPA.